Neno Litangulie Umeme katika Kupima Ganzi ya Paja

Wahenga walituachia usemi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Usemi huu tumeukariri madarasani tangu tukivaa kaptura za shule, na walimu wetu wakautumia kutuhimiza tuwahi zahanati kila tulipougua. Lakini wahenga hawakutuambia habari ya mgonjwa wa aina nyingine: yule ambaye hafichi maradhi yake hata chembe, anayetaka kuyatangaza mbele ya daktari, ila hana neno la kuyatangazia, au neno analo, na daktari hana sikio la kulisikia. Huyo naye huumbuka. Leo nakusudia kumtetea mgonjwa huyo, na iwapo msomaji ataniwia radhi, nitaanza na paja langu mwenyewe.

Usiku mmoja nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu hapa Kisumu niliposimama kwenda kunywa maji, nikahisi kana kwamba upande wa nje wa paja langu la kulia haukuwa wangu. Niligusa ngozi, nayo ilikuwa kama imefunikwa kitambaa. Siku zilizofuata, ganzi ile iliandamana na mwasho na mchomo, mithili ya mtu aliyepakwa pilipili. Nikisimama saa mbili mbele ya darasa, paja lilifukuta. Nikiketi, lilitulia kidogo. Suruali ilipolisugua, nilichonyota.

Kama ilivyo desturi yetu, kila niliyemweleza alikuwa na jibu. Mwenzangu mmoja wa idarani alisema ni baridi yabisi. Mwingine alisema ni presha. Wa tatu aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huenda ni dalili ya kupooza, na kwamba mjomba wake alianza hivyo hivyo. Jirani yangu alishuku mkono wa mtu. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada zangu zote, nilikesha nikihesabu umri wa watoto wangu na miaka iliyosalia ya karo zao.

Nilikwenda kwenye zahanati ya kibinafsi, ambayo sina haja ya kuitaja. Kabla sijamaliza sentensi ya pili, na bila ya mtu yeyote kuligusa paja lenyewe, niliandikiwa karatasi ya kwenda Nairobi kupimwa neva kwa umeme. Gharama niliyotajiwa ilikuwa ya fedha ambazo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuzitoa bila kukopa katika chama chake cha akiba. Nikauliza kipimo hicho kinatafuta nini. Nikajibiwa kwamba matokeo yatasema.

Matokeo yatasema! Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana kwamba hakuna jibu lenye maana pasipo swali. Kauli ile ilinikereketa kuliko paja lenyewe. Niliiweka karatasi mfukoni, nikaenda kumtafuta tabibu mmoja mkongwe ambaye amestaafu utumishi wa serikali.

Mzee huyo aliniuliza maswali. Ganzi iko wapi hasa? Nionyeshe kwa kidole, usinitajie. Inashuka chini ya goti? La. Iko mbele ya paja au kando? Kando. Mguu hukulegea unapopanda ngazi? La. Haja ndogo na kubwa unazimudu? Naam. Mgongo unauma? La. Umenenepa tangu lini? Hapo nilijikohoza. Alichukua pamba na kijiti kilichochongwa ncha, akawa ananigusa huku nikiwa nimefumba macho, na kila nilipoacha kuhisi alitia alama kwa kalamu ya wino. Alipomaliza, kwenye paja langu palikuwa na ramani yenye umbo la yai, kubwa kidogo kuliko kiganja. Akanigonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka vizuri. Kisha akautazama mshipi wangu, nilioukaza katika tundu lile lile kwa miaka kumi ingawa tumbo lilikuwa limekwisha kukataa, akasema, "Mwalimu, adui wako ni huyu hapa."

Maelezo aliyonipa nimeyahakiki baadaye kwa kusoma, nami nayatoa hapa kwa kuwa yanawahusu wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaoshinda wamesimama, wamefunga mishipi, na wanaongeza uzito kila mwaka. Iko neva moja inayotoka katika uti wa mgongo sehemu ya kiunoni, kwenye mizizi ya pingili ya pili na ya tatu, ikapita ndani ya nyonga, ikachomoza pajani kwa kupenya chini ya kano ya kinena, karibu sana na ule mfupa wa nyonga unaojitokeza mbele. Kazi yake ni moja tu: kupeleka hisia za ngozi ya upande wa nje wa paja. Haitikisi msuli wowote. Mahali inapopenya ni pembamba, na chochote kinachobana hapo huweza kuiumiza: mshipi, suruali ya kubana, kitambi, mimba inayokua, mkanda wa bunduki wa askari, mkanda wa zana wa fundi. Ugonjwa wa kisukari nao huidhoofisha neva, ikawa nyepesi kudhurika.

Maradhi haya si mageni duniani. Daktari Mjerumani, Martin Bernhardt, aliyaandika katika karne ya kumi na tisa, na mwaka 1895 Mrusi Vladimir Roth akayabuni jina kwa maneno ya Kigiriki ya paja na maumivu. Leo yanaitwa meraljia parestetika. Mwaka huo huo Sigmund Freud, ambaye wanafunzi wengi wanamjua kwa habari za ndoto na nafsi, alieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa nayo. Basi nilijikuta katika ukoo wa watu mashuhuri, ingawa sikuona fahari yoyote.

Tiba ya kwanza niliyopewa haikuwa na gharama. Legeza mshipi. Punguza uzito. Vaa suruali pana. Pima sukari ya damu. Rudi baada ya majuma sita. Nilifanya hivyo, na hali ilipungua lakini haikwisha. Hapo ndipo mzee aliponiambia niende Nairobi nikapimwe, na safari hii aliandika juu ya karatasi swali kamili: je, hii ni neva ya ngozi ya paja inayobanwa kinenani, au ni mzizi wake unaobanwa mgongoni? Karatasi ya kwanza ilikuwa amri. Ya pili ilikuwa swali. Tofauti ya makala yangu yote imo katika karatasi hizo mbili.

Nataka nikieleze kipimo chenyewe, maana nimegundua kwamba wengi wanakiogopa kama kiti cha umeme cha Marekani. Ulilala kitandani, ukabandikwa vipande vidogo vya chuma kwenye ngozi ya paja. Kisha fundi wa mashine aliweka kifaa karibu na mfupa wa nyonga, akaipiga neva kwa umeme mdogo. Mguu ulishtuka, nami nikashtuka, lakini maumivu yalikuwa kama ya kugusa waya wa ua wa ng'ombe, na yalipita upesi. Mashine hupima mambo mawili hasa. La kwanza ni muda ambao msukumo umechukua kusafiri kutoka hapa hadi pale, unaohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Neva nzima ya mguu au mkono husafirisha habari kwa kasi ya takriban mita 40 hadi 60 kila sekunde. La pili ni ukubwa wa ishara iliyofika, ambao kwa neva za ngozi ni mdogo sana, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti. Baadaye daktari alichoma sindano nyembamba ndani ya misuli ya paja, akasikiliza umeme wa misuli yenyewe ilipotulia na ilipokazwa. Uchunguzi huo wa sindano unaitwa elektromiografia.

Msomaji mwerevu atauliza: ikiwa neva inayougua haitikisi msuli wowote, misuli inachomwa ya nini? Swali zuri, na jibu lake ndilo utamu wa kipimo hiki. Misuli inachunguzwa ili ionekane kuwa ni mizima. Laiti tatizo lingekuwa mgongoni, katika mzizi wa neva, au katika neva kubwa ya mbele ya paja, baadhi ya misuli ingetoa ishara za kuharibika. Ikiwa misuli yote iko salama na ishara ya ngozi upande wa kulia ni dhaifu kuliko ya kushoto, shaka huelekea kinenani. Kwangu mimi ndivyo ilivyokuwa. Ishara ya kulia ilikuwa ndogo waziwazi kuliko ya kushoto, na sindano haikupata kasoro. Nilirudi Kisumu nikiwa mtu huru, nikaendelea kupunguza uzito, na leo ramani ile ya kiganja imesinyaa ikawa kama sarafu ya shilingi ishirini.

Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya. Sikipingi kipimo cha umeme, kimenipa usingizi. Ninachopinga ni kukifanya mganga wa ramli. Kipimo hiki kina mipaka yake, na mipaka hiyo haifichwi na wenye taaluma. Neva ya paja ni nyembamba, njia yake hutofautiana kwa watu, na mafuta ya mwili huizika mbali na mashine. Wapo watu wazima kabisa ambao ishara yao haipatikani. Mguu ukiwa na baridi, kasi ya neva hupungua pasipo ugonjwa. Ndiyo sababu pande mbili hulinganishwa. Na ishara ikikosekana pande zote mbili, mpimaji mwaminifu huandika kwamba hakupata jibu. Sasa mtazame mgonjwa aliyetumwa bila swali, akarudi na karatasi isiyo na jibu, akiwa amekwisha kulipa. Amepimwa nini?

Sisi wa ufuo wa ziwa hatupaswi kuuona umeme wa mwilini kuwa muujiza wa kigeni. Katika maji ya Ziwa Viktoria yumo samaki ambaye Waluo humwita suma, na majirani zetu wa Mwanza humwita domodomo kwa ajili ya mdomo wake mrefu. Samaki huyu ana kiungo mkiani kinachotoa umeme hafifu, usioweza kumshtua hata mtoto. Hautumii kuua. Huutoa majini, kisha ngozi yake ikasikiliza jinsi vitu vilivyo karibu vinavyouvuruga, naye hivyo hujua njia yake katika giza na tope. Wazungu walichelewa kuyatambua hayo. Ni katika miaka ya 1950 ambapo mwanazuoni Hans Lissmann wa Cambridge alithibitisha kwamba baadhi ya samaki wa Afrika hutumia umeme dhaifu kama hisi. Mashine iliyonipima Nairobi inafanana naye kwa mbali: hutoa kidogo, ikasikiliza. Lakini suma hajisumbui kutoa umeme wake pasipo kusikiliza. Sisi binadamu ndio tunaofanya hivyo.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya nishike kalamu. Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali fulani ya eneo hili nikingoja zamu yangu. Kando yangu aliketi mama mchuuzi wa samaki, wa umri wa dada yangu mkubwa, akiwa na karatasi mkononi. Aliposikia ninavyoongea na muuguzi akaniita, "Japuonj, hebu nisomee." Nikasoma. Karatasi ilimtaka akapigwe picha ya mishipa ya damu ya mguu. Nikamuuliza anaumwa na nini. Akasema kwa Dholuo kwamba leche za paja zinawaka, na akapitisha kiganja juu ya upande wa nje wa paja lake, mahali pale pale pa ramani yangu.

Nilipomdadisi, nikapata mnyororo mzima. Daktari alikuwa kijana kutoka sehemu nyingine ya nchi, asiyejua Dholuo. Mama naye Kiswahili chake ni cha sokoni. Akaitwa mfanyakazi wa usafi awe mkalimani. Mama alisema leche. Mkalimani akasema mishipa. Daktari akaandika kwa Kiingereza, mishipa ya damu. Hapana aliyedanganya katika watu hao watatu. Kila mmoja alitafsiri neno kwa uaminifu, na ukweli ukapotea njiani mikononi mwa waaminifu.

Maana neno leche, kama lilivyo neno mishipa, limebeba mizigo mingi. Katika Kiswahili, mshipa ni njia ya damu. Mshipa pia ni neva, ndiyo maana wengi husema mishipa ya fahamu. Mshipa ni ukano wa mguuni unaovutika mtu anapokimbia. Na mtu akisema kwa unyenyekevu kwamba fulani ana mshipa, msikilizaji wa Pwani huelewa kwamba ana ngiri. Katika sentensi ya mtaani, maana huchaguliwa na muktadha. Katika chumba cha daktari chenye foleni ya watu arobaini, muktadha hukosa nafasi ya kuketi.

Kuna watakaodakia hapo hapo na kusema: tazameni basi, lugha za Kiafrika hazifai kwa sayansi. Hao nawaomba wapunguze mwendo. Neno la Kigiriki ambalo limezaa majina mengi ya taaluma hii lilimaanisha hapo kale ukano na uzi wa upinde. Mganga wa zama za Hippocrates alilitumia kwa kano na kwa neva bila kutenganisha. Ni katika karne ya tatu kabla ya Kristo, mjini Aleksandria, ndipo Herophilus na Erasistratus walipozitenga neva na mishipa mingine kwa kupasua miili, na neno la kale likapewa kazi mpya. Hivyo Kigiriki nacho kilianzia pale pale ilipo leche. Hakikuokolewa na ubora wa damu yake. Kiliokolewa na watu walioketi wakakubaliana kwamba kuanzia leo neno hili litamaanisha jambo hili.

Watu hao tunao? Naam, tumekuwa nao. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na baadaye ikatoa kamusi ya tiba. Istilahi zipo. Kasoro ni kwamba hazikutoka rafuni zikaenda wodini. Mwanafunzi wa udaktari nchini Kenya anaweza kuhitimu akiwa amekariri majina ya Kilatini ya kila neva mwilini, asiweze kumuuliza bibi kizee kama ganzi yake inachoma, inawasha, inafukuta au inatambaa kama sisimizi. Na maneno hayo manne si mapambo ya washairi. Kila moja ni dalili.

Watu wa Nyanza wanazo sababu za pekee za kulijali jambo hili. Katika miaka ya mwanzo ya dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, wagonjwa wengi walitumia dawa iitwayo stavudini. Iliokoa maisha, lakini ilidhuru neva za miguu ya baadhi yao, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe hatua kwa hatua. Kwa mgonjwa wa kijijini, aliye mbali na mashine zote, madhara hayo yalitambuliwa kwa ulimi wake mwenyewe aliposema nyayo zinawaka moto usiku. Tabibu aliyesikiliza alibadilisha dawa. Aliyepuuza alitoa tembe za maumivu.

Wala silisemi hili kama ombi la huruma. Ni sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, tena ikaitwika serikali wajibu wa kuziendeleza lugha za wenyeji. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake na vipimo anavyoweza kufanyiwa kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria imekwisha kutungwa. Kinachosubiriwa ni watu wa kuitimiza, na wengi wao wamo katika madarasa yetu.

Najua pingamizi zilizopo. Daktari atasema hana muda: foleni ni ndefu na yeye ni mmoja. Namwelewa, wala sidharau jasho lake. Lakini dakika tano za maswali ya yule mzee zilifanya kazi ambayo karatasi ya kwanza haikuweza kuifanya, nazo hazikuhitaji stima. Kumtuma mama wa samaki kwenye picha asiyoihitaji hakupunguzi foleni. Kunaihamishia mlango wa pili, kisha kunairudisha mlango wa kwanza ikiwa na deni. Wengine watasema kwamba hapa Kisumu Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, basi mgonjwa wa Dholuo amesaidiwa nini? Wana haki ya kuuliza. Ndiyo sababu sidai Kiswahili kichukue mahali pa Dholuo. Nadai orodha fupi ya maneno ya maumivu katika lugha tatu, iliyohakikiwa na madaktari na wazee wa lugha kwa pamoja, ibandikwe ukutani palipo na kipimo cha presha.

Tusidhani pia kwamba maneno hayo lazima yatungwe ofisini. Hospitali yetu kuu, ambayo jina lake rasmi leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, wakazi wengi wangali wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Muungano wenyewe umekufa, mabango yamebadilishwa, na jina la watu limedumu. Hilo ni funzo kwa watunga istilahi. Neno ambalo watu wamelikubali hustahimili kuliko lililoagizwa. Tuanze na yale wanayoyasema wagonjwa, tuyatenge maana, kisha tuyasanifishe.

Walimu wenzangu, hapa ndipo mnapoingia. Mwalimu wa biolojia anayefundisha neva akiwa na Kiingereza peke yake amefundisha nusu. Awaulize wanafunzi: nyumbani kwenu mnaiitaje? Mwalimu wa Kiswahili anayetoa insha juu ya faida za miti kwa mwaka wa ishirini mfululizo, atoe angalau mara moja insha ya kueleza maumivu: mahali yalipo, namna yalivyo, yalianza lini, nini huyazidisha, nini huyatuliza. Mwanafunzi atakayeiweza insha hiyo atamfaa nyanya yake siku atakapoandamana naye hospitalini. Na vyuo vyetu vya utabibu na uuguzi hapa Kisumu viingize saa chache za lugha ya mgonjwa katika ratiba. Idara za lugha ziko tayari. Mimi mmoja nitafundisha bila malipo.

Kabla sijahitimisha, nisije nikalaumiwa kwamba nimewafanya watu wazipuuze ganzi zao. Ganzi ya upande wa nje wa paja peke yake aghalabu si hatari. Lakini mguu ukilegea au goti likakosa nguvu, ganzi ikiingia mapajani kwa ndani na makalioni, haja zikashindikana kuzuilika au kutoka, au upande mmoja wa mwili na uso ukapooza kwa ghafla, usingoje mshipi wala makala ya gazeti. Kimbia hospitalini saa hiyo hiyo. Na mwenye ganzi isiyoelezeka apimwe sukari.

Yule mama wa samaki nilimwandikia sentensi tatu kwa Kiingereza nyuma ya karatasi yake: mahali ganzi ilipo, namna inavyochoma, na kwamba aliposema leche hakukusudia damu. Sikuandika jina la ugonjwa, maana mimi si daktari. Alirudi ndani. Yule daktari kijana alisoma, akamwomba radhi kwa upole, akamtaka afungue leso na kuonyesha anapoumwa. Kiunoni, juu kabisa ya mfupa wa nyonga, alikuwa amefunga kibindo cha sarafu za mauzo, na fundo lake lilikuwa limeacha alama kwenye ngozi. Daktari alilitazama fundo lile, akachukua pamba, akaanza kumgusa.

Picha ya mishipa ya damu ilikuwa imekwisha kulipiwa, na fedha hazikurudi. Zilikuwa faida yake ya juma zima. Hizo ndizo gharama za neno moja lililokosa mtu wa kuliuliza maana yake, na zinalipwa kila siku na watu wasioweza kuzilipa. Tuwape watoto wetu maneno, na tuwafunze madaktari wetu kuyauliza. Umeme uje baadaye, ukiwa na swali la kujibu.